Theluji ya Kibo na theluji ya Heathrow

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa Kilema, Moshi, kwa baba yangu, niliposoma katika gazeti lako barua ya msomaji wa Arusha aliyewacheka Wazungu kwa kushindwa na theluji iliyokwamisha uwanja wa ndege wa Heathrow, London, Desemba 2010. Aliuliza, watu waliofika mwezini wanashindwaje kurusha ndege kwa sababu ya barafu ya siku moja? Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Barafu hiyo ya siku moja ndiyo iliyonilaza sakafuni usiku mbili na mtoto wa miezi saba, ikaninyima Krismasi ya nyumbani niliyoingojea miaka minne. Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu huyo, na nikishamjibu nina langu.

Tunaishi Reading, mji ulio magharibi mwa London. Mimi nahudumu katika nyumba ya kulelea wazee, mume wangu ni dereva wa basi, na tuna watoto watatu. Kila anayemfahamu Mchaga anajua Desemba ni nini kwetu. Hata aliyekaa mwaka mzima bila kupiga simu nyumbani, ikifika tarehe 20 utamkuta stendi ya mabasi akigombea siti. Sisi wa mbali tuna hamu ileile, ila nauli yetu ndiyo huja kila baada ya miaka kadhaa. Tuliweka akiba tangu 2008. Tukapata tiketi za Jumamosi tarehe 18 Desemba usiku, Heathrow hadi Nairobi, kisha KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa abatizwe Jumapili ya tarehe 26 parokiani Kilema, alikobatizwa babu yake. Mbuzi wa ndafu alikwisha kuchaguliwa, na shangazi alishanunua ulezi wa mbege.

Asubuhi ya Jumamosi ile tulipanda basi la kwenda uwanjani. Mbingu ilikuwa ya kijivu, watoto wanaimba. Tulipokuwa tunashuka theluji ikaanza, na haikuanza kwa adabu. Wenyewe uwanjani walisema baadaye kwamba kilianguka kiasi cha sentimita 13 kwa muda wa saa moja. Tukakabidhi mabegi, tukapewa kadi za kupandia, tukaenda kukaa. Ubao ukasema tusubiri. Saa kumi ukasema tusubiri. Saa mbili usiku safari yetu ikafutwa, na mabegi yetu yakabaki huko ndani yalikomezwa.

Sasa nimjibu msomaji wa Arusha. Theluji haizuii ndege kuruka kama tope linavyozuia gari. Ndege huruka kwa sababu ya umbo la bawa, na bawa likishikwa hata na utandu mwembamba wa barafu, wenye mkwaruzo kama wa msasa, hewa haipiti tena inavyopaswa na nguvu ya kuinua inapungua sana. Kwa hiyo kila ndege lazima imwagiwe dawa ya moto ya kuyeyusha barafu kabla ya kuondoka. Dawa hiyo nayo ina muda wake: theluji ikiwa bado inaanguka, ukichelewa kwenye foleni ya kuruka, unarudi kumwagiwa upya. Hapo bado hujasafisha njia za kurukia. Na ukizisafisha, bado ndege zenyewe zimezingirwa pale zilipoegeshwa. Wakuu wa uwanja walisema kila eneo la kuegesha ndege moja lilikuwa na tani 30 za theluji za kuzoa. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na siku ya kawaida zinapitisha ndege kama 1,300. Ni kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, haina pa kuongeza hata mguu. Zikikwama ndege za Jumamosi, za Jumapili hazina pa kukaa, na ndivyo ilivyokwenda hadi karibu na Krismasi yenyewe.

Tena haikuwa Desemba ya kawaida. Wataalamu wa hali ya hewa wa Uingereza wametangaza kwamba ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu za nchi nzima mwaka 1910. Hata hivyo ndugu yangu wa Arusha hakukosea kila kitu. Huko Uingereza kwenyewe watu waliuliza swali lake hilohilo, na mkuu wa kampuni iliyokuwa ikiendesha uwanja alikubali kuiacha bonasi yake ya mwaka huo.

Usiku wa kwanza tuligawiwa mablanketi ya karatasi ing'aayo kama fedha, nadhani ni jamaa na ile wanayofungia kuku wa kuchoma. Ukijigeuza yanapiga kelele, na terminali nzima ikijigeuza ni kama mvua juu ya bati. Mume wangu ni mtu wa presha na dawa zake zilikuwa kwenye begi lililokabidhiwa. Kosa hilo ni letu. Nepi zangu za mkononi zilihesabiwa kwa safari ya usiku mmoja, zikaisha Jumapili asubuhi, na duka lililokuwepo lilikwisha kumalizwa na wenye watoto wengine. Nilifunga kitenge. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anakwenda kumwona dada yake Nairobi alitoa chapati kwenye mkoba, tukala nazo chai ya kikombe cha karatasi, naye akamnyamazisha mwanangu kwa wimbo ambao mpaka leo namtafutia maneno yake.

Mwanangu wa miaka sita aliniuliza, "Mama, si Babu anakaa chini ya theluji? Kwa nini ndege zinaiogopa?" Nikampigia babu yake amjibu mwenyewe. Baba akasema, "Mwambie ya Kibo naiona kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe, na haijawahi kunifuata shambani." Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa kama tumekula.

Swali hilo la baba ndilo shirika letu la ndege halikutuuliza. Silitaji jina, sikuja kugombana na mtu gazetini. Nilisimama kwenye foleni ya kaunta yao kwa muda wa saa nne na nusu nikiwa na mtoto mgongoni. Nilipofika mbele kijana akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hii ni hali ya hewa, ni mambo ya Mungu, hivyo kampuni haina wajibu wowote kwetu. Nikamshukuru! Mimi, niliyelelewa kutobishana na mtu wa kaunta, nikamshukuru na kurudi sakafuni kuwaambia wenzangu kwamba hatuna haki.

Aliyenitoa ujinga ni mwalimu mmoja Mghana aliyelala jirani yetu. Aprili mwaka huohuo alikwama siku tano kwa lile jivu la volkano ya Iceland, lile lililofunga anga la Ulaya na kuozesha maua ya Naivasha, basi akawa amehitimu. Alitufundisha hivi. Ipo kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004. Ndege inayoondoka katika uwanja wa Ulaya, iwe ya kampuni ya nchi yoyote, safari ikifutwa abiria anachagua kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Akingoja hiyo nyingine anapaswa kupewa chakula, malazi pale inapobidi kulala, na simu mbili. Hali ya hewa inaliondolea shirika fidia ya fedha tu, ile ya euro 250 hadi 600. Haiondoi chakula. Haiondoi kitanda. Tena shirika linatakiwa likupe maandishi yanayokueleza haya yote, na maandishi hayo mimi sikuyaona hata kipande. "Kama hawakupi," akasema, "nunua cha kiasi, tunza risiti." Tukaanza kutunza risiti: maziwa, mikate, nepi mume wangu alizozifuata kwa basi hadi mji wa jirani, chai.

Mwenye ndugu anayesafiri kutoka Ulaya aikate sehemu hiyo ya barua aiweke. Wewe unayeondokea Dar au KIA kwenda Ulaya, kanuni hiyo inakufikia ikiwa tu unapanda ndege ya kampuni ya Ulaya.

Jumatatu tulikata tamaa tukarudi Reading bila mabegi. Funguo tulikuwa tumemwachia jirani. Alipotufungulia mlango alidhani tumeshakwenda na kurudi. Baada ya siku mbili za kushikilia simu tulipata nafasi ya tarehe 27. Krismasi tuliila Reading, wali na kuku wa kugandishwa, huku simu ikiwekwa katikati ya meza tuwasikie wa Kilema wakicheka. Nilisikia ndafu anakatwa. Acha tu.

Tulitua KIA Jumanne tarehe 28, joto likatupiga usoni kama mlango wa jiko, na watoto wakavua masweta palepale kwenye ngazi. Paroko alitusogezea ubatizo hadi tarehe 2 Januari. Mbege ilikuwa imekwisha, ikapikwa nyingine kidogo.

La kwangu ni hili. Nilipokuwa sakafuni pale nilijikuta nawakumbuka watu wa Hedaru. Miaka ya tisini basi letu la kwenda Moshi lilikufa pale usiku. Konda alizunguka na tochi siti kwa siti, akatuambia gia boksi imekwisha, fundi anatoka Same, tusitegemee kuondoka kabla ya saa tatu asubuhi. Kina mama wakaja na mayai na mahindi ya kuchemsha. Tulipoteza usiku mzima na sikumbuki mtu kulia, maana tulijua tunangoja nini. Heathrow, pamoja na ubao wake wa umeme, hapakuwa na konda wa kutuzungukia na tochi.

Lakini pia yule konda alifanya vile kwa hiari yake, na kina mama walikuwa wanauza. Mafuriko yalipong'oa reli Kilosa mwishoni mwa 2009, abiria wa treni ya kati walikuwa na karatasi gani mkononi inayosema nani atawalisha? Nawaomba wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu na majini pamoja na wabunge wetu waisome hiyo kanuni ya Wazungu, waone kama yale ya chakula, malazi na maandishi hayawezi kuandikwa kwetu pia, kwa basi, treni na meli. Mvua za masika haziko mbali.

Na nyinyi mnaotupokea Desemba, ndugu zangu, msipange ubatizo, harusi wala kumaliza msiba siku mbili tatu baada ya ndege yetu kutua. Tupeni wiki. Sisi nasi tubebe dawa mkononi.

Madai yangu nimeyatuma juzi, na nakala za risiti kumi na saba. Sijajibiwa. Mabegi manne kati ya matano yalitukuta Kilema. La tano, la bluu, lenye kamba nyekundu kwenye mkono, ndilo lenye gauni la ubatizo, na mtoto alibatizwa na gauni la kuazima kwa jirani, refu hadi likaburuta ngazi za kanisa. Kwa mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, ule wa Montreal wa 1999, begi lisipoonekana kwa siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika huhesabiwa limepotea na mwenye nalo anaweza kudai. Leo ni tarehe 12. Zimebaki siku sita.

Mama Neema,
Reading, Uingereza,
12 Januari 2011