Barua ya wazi: Kila penye kuburuta pawe na kitufe

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: OMBI LA SHARTI LA UFIKIVU KWENYE MIFUMO INAYOTUMIA KUBURUTA NA KUDONDOSHA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mtengenezaji wa mifumo ya tovuti, na ombi langu ni moja. Viwango na miongozo ya Serikali Mtandao iseme wazi kwamba kwenye mfumo wa umma hakuna jambo litakalofanyika kwa kuburuta tu. Kila penye kuburuta pawe na kitufe cha kubonyeza kinachofanya kazi ileile.

Siku hizi kuburuta kumeingia kila mahali. Mwombaji anapanga machaguo yake kwa kuyashika na kipanya, akiyapandisha na kuyashusha. Anapakia cheti kwa kukidondosha kwenye kisanduku. Anathibitisha kuwa yeye si roboti kwa kutelezesha kipande cha picha mpaka kikae kwenye pengo lake. Kwa anayeona vizuri na mwenye mkono uliotulia, mambo haya ni mepesi na yanapendeza, na sisemi yaondolewe. Shida inaanza pale yanapokuwa njia pekee.

Nieleze nilichokiona. Dada mmoja asiyeona alikuwa anajaza fomu ya maombi kwenye mfumo wa taasisi ambayo sitaitaja. Anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyoko kwenye skrini, na kwenye kibodi ana kasi kuliko mimi. Majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, vyote alijaza mwenyewe. Akafika sehemu ya kupanga kozi tano kwa kipaumbele. Programu ikasoma kwamba kuna orodha ya vitu vitano, ikataja kozi moja moja, ikanyamaza. Haikumwambia kwamba zinaweza kusogezwa. Alipobonyeza Tab, ikairuka orodha nzima na kutua kwenye kitufe cha "Wasilisha".

Mfumo ulikuwa umezipanga kozi kwa alfabeti. Ualimu, alioutaka uwe wa kwanza, ulikuwa wa mwisho. Angebonyeza "Wasilisha", maombi yangepokelewa hivyohivyo bila ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa upande wa mfumo hakukuwa na kosa. Nilimpangia mimi kwa kipanya. Nisingekuwepo, angelazimika kumpa mtu wa internet kafe nywila yake, kisha amwamini kwamba kweli amepanga kama alivyoelekezwa. Hilo ni jambo zito kumtaka raia alifanye ili apate huduma ya umma.

Chanzo chake kinajulikana. Uwezo wa kuburuta uliomo ndani ya vivinjari asili yake ni Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, na ulibuniwa kwa ajili ya kipanya. Haujui kibodi, na wenyewe haumwambii kitu mtumiaji wa kisoma skrini. Viwango vya ARIA, ambavyo ndivyo huzipa programu za kusoma skrini maelezo ya kusoma, viliwahi kuwa na sifa mbili mahususi za kuburuta. Toleo la 1.1 la mwaka 2017 likazitangaza kuwa zimepitwa na wakati. Kwa hiyo asiyejenga njia mbadala kwa mkono wake hana njia mbadala. Haitajileta.

Shirika la W3C, linalotunga viwango vya tovuti, lilitoa miongozo ya WCAG 2.2, ya kuziwezesha tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, tarehe 5 Oktoba 2023, na ndani yake kuna kigezo namba 2.5.7, cha daraja la AA (la kati kati ya madaraja matatu), kinachohusu kuburuta. Naomba wataalamu wako wakisome kwa makini, maana wengi wetu hukielewa nusu. Hudhani kwamba ukishaweka njia ya kibodi umemaliza. Njia ya kibodi inadaiwa na kigezo kingine, 2.1.1, kilichokuwepo tangu WCAG 2.0 ya mwaka 2008. Kigezo cha 2.5.7 kinamtetea mtu mwingine: anayetumia kipanya, kidole au kifaa cha kuelekezea kwa kichwa, lakini hawezi kubana na kusogeza kwa wakati mmoja. Mzee anayetetemeka mikono hatumii kibodi. Yeye anaweza kubonyeza mara moja na kuachia. Huyo kibodi haimsaidii, na kitufe kinamsaidia.

Ndiyo maana nang'ang'ania kitufe. Kila kozi kwenye ile orodha ingekuwa na vitufe viwili, kimoja cha kuipandisha na kingine cha kuishusha. Kila kitufe kitaje jina la kozi yake, "Sogeza Ualimu juu", kwa sababu asiyeona akisikia "Juu, Chini, Juu, Chini" mara tano hajui yuko wapi. Ukubwa wake usipungue pikseli 24 kwa 24, kama WCAG 2.2 inavyotaka, na kwenye simu viwe vikubwa zaidi. Akishabonyeza, kiteuzi cha kibodi, yaani alama ya mahali alipo kwenye ukurasa, kibaki palepale kwenye kitufe alichobonyeza. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: mfumo unaichora orodha upya, kiteuzi kinapotea, mtumiaji anarudishwa mwanzo wa ukurasa, na akitaka kupandisha kozi nafasi nne anaanza safari upya mara nne. Kisha sauti imwambie kilichotokea: "Ualimu, nafasi ya 4 kati ya 5." Ni sentensi fupi inayowekwa kwenye sehemu ya ukurasa ambayo kisoma skrini huifuatilia, na bila hiyo amebonyeza gizani. Orodha ikiwa ndefu, pawe na kisanduku cha kuandika namba ya nafasi.

Vitufe hivi vinafaa hata kwenye simu, ambako wananchi wengi ndiko wanakojazia fomu. Kidole kinachoburuta kozi ndicho kinachosogeza ukurasa, na mara nyingi mfumo haujui mtu anataka lipi.

Upakiaji wa faili ni rahisi zaidi. Kitufe cha "Chagua faili" kiwepo, kionekane, na kibodi ikifikie. Jaribio la kipande cha picha liwe na njia nyingine isiyo ya picha.

Kuna jambo dogo la kando, lakini limo humohumo. Kurasa nyingi za Kiswahili zimeandikwa ndani ya msimbo kwamba ni za Kiingereza, hivyo sauti inasoma "Chagua kozi" kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna anayeielewa. Sauti ya Kiswahili ipo ndani ya NVDA. Kurekebisha ni herufi mbili mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inaitaja teknolojia ya habari na mawasiliano kwa jina. Kenya ilitoa kiwango chake cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952, mwaka 2022, kabla WCAG 2.2 haijatoka. Sisi tukiandika sasa tunaweza kuanza na kigezo cha kuburuta kikiwa ndani.

Ninachoomba kiandikwe kina sehemu mbili. Kwanza, hadidu za rejea za kila zabuni ya mfumo zitaje vigezo 2.1.1 na 2.5.7 kwa namba, ili mzabuni avipangie bei tangu mwanzo. Kuongeza vitufe baada ya mfumo kukabidhiwa ni ghali. Pili, malipo ya mwisho yasitoke mpaka mfumo ujaribiwe na watumiaji wenyewe: anayetumia NVDA kwenye kompyuta, anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, na mwenye ulemavu wa mikono. Wapewe kazi halisi, kama kupanga kozi tano na kuziwasilisha, na walipwe kwa siku hiyo kama mtaalamu mwingine yeyote anavyolipwa.

Nina mfano wa orodha iliyojengwa kwa namna niliyoieleza. Niko tayari kuuleta ofisini kwenu Dodoma na kuwaachia msimbo wake wote bila malipo, taasisi yoyote ya umma iutumie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengenezaji wa mifumo ya tovuti,
Dar es Salaam.