Mba inataka dakika, haitaki povu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Picha za utosi wako nimezikuza na kuzitazama, na maandishi ya chupa ya shampuu ya mba uliyonunua nimeyasoma yote. Kabla hujaifungua, nakuomba jambo moja: acha kupaka mafuta kichwani kuanzia leo.

Ngozi yako si kavu. Kichwa kikavu hupukutisha unga mweupe ukikitikisa tu. Kwako, ukipasua njia utosini na kukwangua kidogo, kuchani hubaki kitu cha manjano kinachonata kama nta. Hiyo ni mba ya mafuta. Inaletwa na fangasi aitwaye Malassezia, ambaye karibu kila mtu mzima anaye. Hawezi kujitengenezea mafuta anayoyahitaji, kwa hiyo hula yale yanayotoka kwenye ngozi, na mabaki ya mlo wake, hasa asidi ya oleiki, huichokoza ngozi inayodhurika upesi. Ngozi ikichokozwa hujichubua haraka kupita kawaida, ndiyo magamba unayoyaona. Ukiyapaka mafuta yanalala kwa muda kwa sababu yamelowa, lakini chini yake umemwongezea fangasi chakula.

Umechagua shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, na mimi pia ningeanza na hiyo. Inamshughulikia fangasi mwenyewe, na ngozi nyingi huivumilia. Seleniamu salfaidi nayo hufanya kazi, ila inaweza kukiongezea kichwa mafuta na kubadili rangi ya nywele zilizotiwa dawa ya saluni. Asidi ya salisili hulegeza magamba tu, fangasi haimgusi, na ngozi kama yako inaweza kukauka na kuchonyota. Ukipewa shampuu ya zinki pirithioni, soma viambato hata kama jina la chupa unalijua: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 2022, kwa hiyo chupa ya jina lile lile inaweza kuwa na dawa nyingine kulingana na nchi inakouzwa.

Anza kwa kuijaribu. Changanya tone moja na maji kidogo, paka nyuma ya sikio, acha dakika 5, suuza, kisha subiri saa 48. Pakivimba, pakitoka vipele au pakiwasha, usiipeleke kichwani. Mara nyingi kinachokera ngozi ni manukato au kihifadhi kilichomo kwenye shampuu, wala si dawa yenyewe, kwa hiyo shampuu nyingine yenye dawa hiyo hiyo bila manukato inaweza kukufaa.

Siku ya kuosha, lowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka ngozi yenyewe ilowe. Maji ya moto yanaitonesha. Kama nywele zimejaa jeli au mafuta ya jana, tangulia na shampuu laini ya kawaida, suuza, ndipo utumie dawa. Ukiiweka juu ya uchafu itaishia kwenye uchafu. Gawa nywele mafungu manne. Vijiko viwili vya chai vinatosha kwa nywele fupi au za wastani. Usimimine katikati ya kichwa ukasubiri povu lishuke. Tia kwenye viganja, kisha ipeleke kwa ncha za vidole hadi kwenye ngozi, njia baada ya njia, na usisahau kisogo, nyuma ya masikio na pale nywele zinapoanzia. Kucha zisihusike kabisa, maana kila mkwaruzo ni mlango wa kuchonyota.

Sasa tazama saa. Hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza dawa: wanapaka, wanaona povu, wanasuuza, halafu wanailaumu chupa. Dawa inahitaji kukaa kwenye ngozi dakika 3 hadi 5. Kwa kuwa kichwa chako ni chepesi kudhurika, mara ya kwanza kaa dakika 2, ya pili 3, na kama hakuna kuchonyota fika 5. Usizidishe hapo kwa tamaa ya kupona haraka.

Kusuuza kupewe muda uleule. Inamisha kichwa, maji yapite nyuma ya masikio na kisogoni mpaka vidole visihisi utelezi wowote. Mabaki ya shampuu yakikaukia pale huwasha na kutoa magamba, nawe utadhani mba imekaidi. Kondishena ipake kwenye urefu wa nywele na ncha tu. Zikauke mpaka shinani kabla hujazifunga. Limau, siki na magadi usivilete karibu na ngozi hiyo.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki 4, na siku nyingine ukitaka kuosha tumia shampuu laini isiyo na manukato. Katika wiki hizo usibadilishe kitu kingine chochote. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Kuwasha kwa kawaida hupungua kabla ya magamba. Kichwa kikishatulia usiitupe chupa: osha nayo mara moja kila wiki moja au mbili, kwa sababu fangasi haondoki, anapungua tu, na mafuta yanaendelea kutoka.

Ukiona nywele zinakatika kwa mabaka ya duara, huenda ni mapunye, na hayo shampuu peke yake haiyatibu, yanahitaji vidonge. Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayovuka mpaka wa nywele, vidonda vinavyotoa maji, au wiki 4 kupita bila nafuu, vyote mpelekee daktari wa ngozi. Nenda na chupa yenyewe, asome viambato.

Niandikie baada ya kuosha mara ya pili uniambie ulifika dakika ngapi na ngozi ilisemaje.

Wako akupendaye,
Mariamu