Anza na hewa, ndege itafuata

Chumbageni, Tanga
Julai

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Upepo wa kusi umeshika kwelikweli, na kila jioni watoto wa mtaa mzima wanahamia ufukweni Raskazone na tiara zao, vile vishada vya karatasi.

Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unasema kila ndege ikishuka kuelekea uwanja wa hapo mjini Dodoma, darasa lako la nne lote linakimbilia dirishani, na juzi mmoja akakuuliza: mzigo ule mzito unashikiliwa na nini? Umefanya vizuri kutomjibu papo hapo. Swali kama hilo usilimalize kwa sentensi moja, lipe wiki nzima.

Shida ya vitabu vingi ni kuanza na ndege yenyewe. Mtoto anachorewa mabawa na mishale minne ya nguvu zinazoisukuma ndege, ananakili, anapata vema yake, na bado moyoni anaamini hewa ni utupu. Anayeamini hewa ni utupu ataelewaje kwamba hewa hiyohiyo inabeba abiria? Kwa hiyo wewe anza na hewa.

Piga nao hesabu ubaoni. Huku pwani mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo 1.2. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina hewa ya kilo 170 hivi. Ninyi mko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yenu ni nyepesi kidogo, lakini bado darasa kama hilo linabeba kama kilo 150. Waambie hiyo ni mifuko mitatu ya saruji. Watabisha. Waache wabishe, maana mtoto anayebisha tayari anafikiri.

Kisha watoe uwanjani, kila mmoja na kipande cha boksi gumu, upana wa daftari lililofunguliwa. Wakimbie nacho wakikishika mbele yao kwa mikono miwili. Kikiwa kimelala sawasawa, kinapita hewani bila shida. Mtoto akiinua ukingo wa mbele kidogo tu, mikono inaanza kunyanyuka yenyewe. Akiuinua zaidi, boksi linageuka breki, linamrudisha nyuma. Nyamaza kwanza, waache warudie mpaka waseme wenyewe: "Mwalimu, upepo unaninyanyua!" Hapo ndipo uwaambie: boksi linaisukuma hewa kwenda chini, na hewa inalisukuma boksi kwenda juu. Ni kanuni ya tatu ya mwendo ambayo Newton aliichapisha mwaka 1687, na bawa la ndege linafanya kazi hiyohiyo.

Na hapa nakuomba sana, shoga yangu. Utakutana na maelezo kwamba bawa limebinuka juu, kwa hiyo hewa ya juu ina njia ndefu na lazima ikimbie ili ikutane na mwenzake wa chini kule nyuma. Usiwafundishe hivyo. Hakuna kinachoilazimisha hewa kukutana tena, na wataalamu wakipima wanakuta hewa ya juu inafika nyuma mapema kuliko ile ya chini. Ni kweli kwamba juu ya bawa hewa inakwenda kasi na kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, inapungua, ila sababu si hiyo ya kukutana. Tena watoto wako wenyewe wanaweza kuipinga: ndege ya karatasi ina mabawa bapa kabisa, mbona inapaa? Na ndege za maonyesho hurukaje chali? Inaniuma kuona mtoto anakaririshwa uongo mzuri wakati ukweli ni rahisi kuliko huo.

Baada ya boksi, tiara. Minazi hamna huko, lakini ufagio wa chelewa unapatikana sokoni. Chomoa njiti mbili zilizonyooka, moja isimame, nyingine ipite kwa upana, zifungwe kwa uzi pale zinapokutana. Gazeti moja, gundi ya unga wa ngano uliopikwa mwepesi. Jambo la kuangalia kwa makini ni zile nyuzi mbili za kifuani, zinazoungana kabla ya uzi mkuu. Ukizifunga ili kichwa cha tiara kilalie mbele kidogo, upepo unaipiga kwa chini na inapanda. Ukizifunga vibaya, itasimama wima kama ukuta na kuyumba, au italala na kudondoka. Wape watoto nafasi ya kusogeza fundo lile kidogo kidogo na kujaribu tena. Mkia uwe wa kitambaa chepesi, kanga chakavu inatosha. Ikizungukazunguka, ongeza mkia. Wapeleke mbali na nyaya za umeme, na mbali kabisa na uwanja wa ndege.

Ukitaka hadithi ya kuwasimulia, nina moja inayotugusa. Kuanzia Novemba hivi, korongo weupe wa Ulaya hufika huku kwetu kukwepa baridi ya kwao. Wanasafiri maelfu ya kilomita bila kupigapiga mabawa sana, kwa sababu wanatafuta hewa iliyopashwa moto na ardhi, inayopanda juu. Wanazunguka ndani yake mpaka wapande sana, halafu wanateleza mbele kutafuta nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, ndiyo maana wengi wao huizunguka Mediterania na kupita Uturuki, Sinai na bonde la Nile. Dodoma yenu yenye jua kali na visulisuli vya vumbi ina hewa ya namna hiyo tele. Mchana watoke nje wamtazame mwewe: atapanda akizunguka, bawa halitikisi.

Sasa, korongo haohao wakiwa kwao Ujerumani walitazamwa miaka mingi na mtu aitwaye Otto Lilienthal. Alipima mabawa, akaandika kitabu mwaka 1889, kisha akajitengenezea mabawa yasiyo na injini na kuanza kuteleza nayo kutoka vilimani. Karibu na Berlin alijengesha kilima chake mwenyewe. Aliruka mara nyingi mno, hata kufikia mita 250, mpaka Agosti 1896 alipoanguka na kufa. Usiwafiche watoto kifo chake. Waliomfuata, ndugu wawili akina Wright wa Marekani, walisoma kazi yake kwa heshima, na walipoanza majaribio mwaka 1899 chombo chao cha kwanza kilikuwa tiara.

Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk huko Marekani, mmoja wao, Orville Wright, aliruka kwa injini sekunde 12, umbali wa kama mita 37. Zipime uwanjani kwa kamba, wasimame watoto wawili huku na huku. Halafu waambie Boeing 787-8 ya Air Tanzania ina urefu wa karibu mita 57, yaani safari nzima ya Orville ingeishia ndani ya ndege hiyo. Na uzito wake inapopaa unaweza kuzidi tani 220! Hapo mrudie yule mtoto na swali lake, umwombe alijibu yeye mbele ya wenzake. Naamini ataweza.

Chelewa nitakutumia fungu zima kwa basi, usihangaike na ufagio. Niandikie walivyosema, hasa yule muulizaji, na unipigie picha za tiara zao. Likizo ya Desemba nikija na wanangu tutatoka wote kuwatafuta korongo, mvua ikiwahi.

Msalimie shemeji na watoto. Mama huku anakuulizia kila siku.

Wasalaam,
Shoga yako wa Tanga