Misimu ya wachezaji wa gemu haieleweki kwa orodha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa teknolojia, ambayo iliyaita maneno ya wachezaji wa gemu za mtandaoni "lugha ya siri ya vijana" na kuambatanisha orodha ndefu ya vifupisho, kila kimoja kikiwa kimepewa maana moja ya maneno mawili au matatu. Nia ya mwandishi ilikuwa njema, kwa kuwa wazazi na wachezaji wapya wanauhitaji sana msaada wa namna hiyo. Hata hivyo, nimecheza gemu hizi kwa miaka mingi, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwapokea wageni katika kikundi chetu na kuwaelekeza, na nimeona mara kwa mara kwamba orodha ya namna ile humwacha msomaji palepale alipokuwa, na wakati mwingine humpoteza kabisa.

Niruhusu nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni niliingia katika pango la ndani ya gemu pamoja na wachezaji wengine wanne ambao sikuwafahamu, na kazi niliyopewa ilikuwa kutangulia mbele na kuyachokoza madubwana ili yanifuate mpaka pale wenzangu walipokuwa wakiyasubiri. Katikati ya mapambano, yule aliyekuwa na kazi ya kutuponya aliandika herufi tatu, "oom". Niliziona. Nilidhani ni mguno tu wa mtu aliyechoka, nikaenda kulichokoza kundi jingine, na kabla ya dakika moja kwisha sote watano tulikuwa tumekufa. Wawili waliondoka bila kusema neno, mmoja akanitukana, na hakuna aliyenieleza nilichokosea. Baadaye nilikuja kujua kwamba herufi zile zinasimamia maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa mana imekwisha, yaani ile nguvu ambayo mchezaji huitumia kufanyia uganga ndani ya gemu. Lakini hata ningekuwa na orodha mkononi siku ile, ingeniambia tu kwamba "mana imekwisha", nami ningeendelea mbele vilevile, kwa sababu maana yenyewe ya ujumbe haikuwamo katika maneno hayo. Mponyaji alikuwa akiniambia kwamba hana tena uwezo wa kuniokoa, na kwamba nisianzishe vita vingine mpaka atakapojaza akiba yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na makala ile. Vifupisho vingi vya wachezaji si majina ya vitu, bali ni maagizo, maonyo na maombi, na anayetaka kuvielewa hana budi kujua ni jambo gani linalotokea kwenye skrini kikitamkwa, nani anamwambia nani, na anayeambiwa anatarajiwa kufanya nini. Mchezaji akiandika "inc" anatangaza kuwa adui anakuja, na kila mwenzake anatakiwa aache alichokuwa akifanya ageuke. Akiandika "afk" anasema yuko mbali na kibodi, na wenzake wanapaswa kusubiri au kumlinda, kwa sababu mwili wake wa ndani ya gemu umesimama pale bila mwenyewe. Akiandika "cc" anamwomba mwenzake amzuie adui mmojawapo, amlaze usingizi au amfunge asisogee, ili wengine wamalizwe kwanza, na atakayempiga huyo aliyelazwa atamwamsha na kuharibu kazi yote.

Wala ufupi huo hautokani na uvivu wa vijana, kama makala ilivyodokeza. Mikono inayoandika ndiyo hiyohiyo inayopigana, na mchezaji anayeandika sentensi kamili huwa ameyaacha mapambano kwa sekunde zote anazoiandika. Sisi wenyewe huandika n.k., k.m. na S.L.P. hata katika barua za kiofisi, na hakuna anayesema kwamba tumeiharibu lugha, ingawa hakuna dubwana linalotukimbiza tunapoandika. Siku hizi wachezaji wengi huzungumza kwa maikrofoni, lakini vifupisho havikufa, bali vimegeuka kuwa maneno ya kutamkwa, kwa sababu hata mdomoni neno fupi hufika kabla ya pigo na neno refu huchelewa.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la kifupisho kimoja kuwa na maana mbili, kwa sababu ndilo lililowaumiza wageni wengi niliowahi kuwasaidia. Herufi "ff" katika gemu kama League of Legends, iliyotoka mwaka 2009, ni pendekezo la timu kukubali kushindwa kabla ya mwisho. Katika gemu za kupigana kwa bunduki kama Counter-Strike, herufi hizohizo zinahusu risasi za mwenzako kukudhuru wewe uliye upande wake. Mgeni aliyetoka gemu moja kwenda nyingine anaweza kudhani kuwa mwenzake amekata tamaa, kumbe analalamika kwamba anapigwa na watu wake. "Gtg" ni hatari zaidi, kwa kuwa maana zake mbili hupatikana ndani ya gemu ileile na karibu zinapingana: mmoja akiandika hivyo anasema yuko tayari kuanza, na mwingine anasema inambidi aondoke. Kinachotofautisha ni wakati. Ikiandikwa mlangoni mwa pango baada ya kiongozi kuuliza kama watu wako tayari, ni ya kwanza. Ikiandikwa baada ya vita kwisha, kwa kawaida ni ya pili.

Neno "ping" nalo ni mfano mzuri. Asili yake ni programu iliyotungwa na Mike Muuss mwaka 1983 kwa ajili ya kupima kama kompyuta moja inaifikia nyingine, naye aliipa jina hilo kwa kufuata mlio wa chombo kinachotumiwa na nyambizi kutafuta vitu majini. Kwa wachezaji, maana yake ya kwanza ni muda ambao ujumbe hutumia kwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde, kiasi kwamba mwenye 30 huona anayoyafanya yakitokea mara moja, ilhali mwenye 300 huchelewa kwa karibu theluthi ya sekunde, na theluthi hiyo hutosha kumwua. Maana ya pili ni alama ambayo mchezaji huiweka kwenye ramani ili kuwaonyesha wenzake mahali pa kwenda au mahali penye hatari. Kwa hiyo anayesema ping yake ni mbaya leo anaomba avumiliwe, na anayesema mtu fulani apige ping anaomba aonyeshwe njia.

Kuna pia maneno ambayo maana yake hubadilika kufuatana na cheo cha msemaji katika pambano lenyewe. "Gg" ni kifupisho cha kusema kwamba mchezo ulikuwa mzuri, na mwishoni ni salamu ya heshima kati ya walioshinda na walioshindwa, kama watu wanaopeana mikono. Katika StarCraft, gemu iliyotoka mwaka 1998, mchezaji anayeona kwamba ameshindwa huandika "gg" kabla ya kutoka, na kwa kufanya hivyo huwa amekiri kushindwa kwa staha. Lakini anayeongoza akiiandika wakati mpinzani wake bado anapigana, salamu hiyo hugeuka kuwa dharau, na akiongeza "ez", yaani ilikuwa rahisi, hakuna tena shaka kwamba anatukana. Orodha iliyosema tu "gg: mchezo mzuri" itamfanya mgeni ajibu "asante" pale alipodharauliwa, au, vibaya zaidi, aandike yeye mwenyewe mapema kwa nia njema kabisa kisha ashangae kwa nini anachukiwa.

Asili ya maneno husaidia kuyashika, kuliko kuyakariri. Wengi huyaita madubwana ya ndani ya gemu "mobu", nao hudhani linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la watu wenye ghasia. Neno hilo lilizaliwa katika MUD, gemu ya maandishi matupu iliyoanzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ikaendelezwa na Richard Bartle, na ni ufupisho wa neno lililotumiwa kwa kiumbe kinachojongea chenyewe. Ndiyo maana hata dubwana moja peke yake ni mobu. "Nerf" ni jina la vitu vya kuchezea vya sponji visivyoumiza. Wachezaji wakisema silaha fulani imefanyiwa hivyo, wanalalamika kwamba watengenezaji wameipunguza makali hata imekuwa kama sponji. Na "kutanki", kwa sisi tunaosema Kiswahili, ni rahisi mno, kwa kuwa linatokana na "tank" ya Kiingereza, nasi tunalo neno kifaru kwa gari hilo la vita lililovikwa chuma: mchezaji mwenye kazi hiyo hukaa mbele, huyapokea mapigo, na huhakikisha kwamba hasira za adui zinamwelekea yeye peke yake. Hasira hizo ndizo huitwa "agro". Anayeambiwa kwamba amechukua agro hasifiwi. Anaambiwa aache kupiga kwa muda, la sivyo dubwana litamgeukia yeye asiye na ngao.

Lugha za dunia nazo zimo humohumo. Kwenye seva ambako watu wa nchi nyingi hukutana, Mthailandi akiandika 555 anacheka, kwa sababu tano kwa lugha yake hutamkwa "ha". Mchina akiandika 666 anakusifu kwa ustadi wako. Mbrazili akiandika "kkkk" anacheka, lakini "kk" kwa wanaotumia Kiingereza ni kukubali tu jambo. Nimewahi kuona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu mtu aliyefiwa na timu yake yote alidhani anachekwa, kumbe mwenzake alikuwa akimjibu kwamba amemwelewa.

Kwa wachezaji wenzangu wenye uzoefu, ninalo ombi. Kuna tofauti kati ya mtu mpya ambaye bado anajifunza na yule tunayemwita "noob" kwa kumdhalilisha, na tofauti hiyo hatuiheshimu. Mgeni anapouliza maana ya kifupisho, kumjibu huchukua sekunde kumi, na sekunde hizo hulipwa katika pambano linalofuata, kwa sababu atajua lini asimame. Mimi siku hizi kabla ya kuingia pangoni huwaeleza wageni maneno matatu tu: la mponyaji aliyeishiwa mana, la adui anayekuja, na la kurudi nyuma. Mengine huyapata wakiwa kazini, kila moja likija pamoja na tukio lake, na sijaona njia inayoyafanya yakae akilini kuliko hiyo. Kwa upande wake, mgeni asione haya kuandika mwanzoni kabisa kwamba hilo ni pambano lake la kwanza. Wachache watamwacha, wengi wataanza kuandika kwa urefu zaidi.

Jambo la mwisho ni zito, nami nasikitika kwamba makala ililipitia juujuu. Katika orodha ile, herufi "kys" ziliwekwa katikati ya vifupisho vya kuagana na kushukuru, kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba zote zina uzito mmoja. Herufi hizo zinamwambia mtu ajiue. Hutumwa kwa watoto waliokosea jambo dogo mno, na mtoto anayezipokea kila jioni hapaswi kuambiwa kwamba hiyo ndiyo lugha ya gemu. Vivyo hivyo "asl", ambayo humwuliza mtu umri wake, jinsia yake na mahali alipo. Hakuna pambano lolote linalohitaji majibu hayo, na mzazi akiyaona maswali hayo yakiulizwa na mtu asiyejulikana, aketi na mwanawe, wamzuie mwulizaji huyo na wamripoti kwa kutumia kitufe ambacho gemu nyingi huwa nacho. Mzazi anayeogopa kila herufi tatu zinazopita kwenye skrini hatazitambua hizi zinapopita, kwa hiyo alipaswa kuelezwa kwanza kwamba "oom" na "inc" ni maneno ya kazi tu, na kwamba hizi mbili si za kazi hata kidogo.

Ninaomba, Mhariri, kwamba ukurasa wako ukilirudia jambo hili, uchukue mapambano mamoja, hata ya dakika tano tu, uyaeleze tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na yote yaliyoandikwa na wachezaji, na uonyeshe kila neno lilimfanya nani afanye nini. Wakati tukilisubiri hilo, naomba orodha ile isahihishwe katika sehemu mbili: "ff" iongezewe maana ya risasi za mwenzako, na "gtg", ambayo ilielezwa kuwa ni kuaga peke yake, iongezewe maana ya kuwa tayari, kwa sababu hivi sasa yupo msomaji wako aliyeuliza mlangoni mwa pango kama wenzake wako tayari, akajibiwa "gtg" na wenzake wote wanne, naye akafunga gemu akidhani wamemwacha.

Wako,
Msomaji na mchezaji wa siku nyingi