Shoga, naomba unisaidie na matokeo ya gredi ya 9

Shoga yangu,

Salamu nyingi, za Voi na lile jua lenu? Watoto hawajambo? Mama miguu imepoa? Sisi huku Msambweni hatujambo, twashukuru. Najua nimenyamaza tangu Desemba lakini tangu matokeo ya KJSEA, ule mtihani wa gredi ya 9, yatoke sina raha, na leo nimeona nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu huwa twaishia kupiga soga tu.

Jambo lenyewe ni hivi. Jumamosi ijayo kuna mkutano wa wazazi, na kuna watu wameshika wastani wa shule yetu, wakauweka kando ya ule wa akademia, ile shule ya kibinafsi ya pale barabarani, sasa wanautembeza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba JSS yetu, hii sekondari ya chini ya gredi ya 7 hadi 9, haifai, watoto wahamishwe, shule iunganishwe na ya jirani. Anayeongoza ni yule bwana wa ngawira, unamjua, hajabadilika hata kidogo. Na wazazi wanasikiza, kwa sababu nambari ni nambari, mtu akiiona anaamini.

Lakini wewe wa hesabu hebu fikiri. Darasa la watoto 20, mwenye pointi 60 katika zile 72 za mtihani mzima akihama, nafasi yake akaingia mwenye 20, wastani wa darasa zima umeanguka pointi 2 na hakuna mwalimu aliyelala wala mtoto aliyezembea. Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mgodi wa titani ulifungwa mwisho wa 2024, familia zilizokuja kwa kazi zikarudi kwao Ukambani, Nyanza na kwengineko, na wengi wa wale watoto walikuwa na vitabu nyumbani, stima, baba anayekagua homuweki. Waliobaki ni wetu wa hapa, Wadigo, Waduruma, Wamakonde, Wapemba wachache wa upande wa bahari, na akademia haijawahi kumwita mmoja wao aje afanye mtihani wa kuingia maana karo yenyewe hawana.

Halafu hii ya vyeti vya kuzaliwa inaniuma sana. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 mwaka 2017, Wapemba 2023 juzi tu, kwa hivyo nina watoto ambao baba alipata kitambulisho mtoto akiwa tayari darasani. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto haingii vizuri kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na asipoingia ile Sh15,042 ambayo serikali humtolea mwanafunzi wa JSS kwa mwaka haiji. Anakula wakati wa walimu, anakaa kwenye dawati, anaandika kwa chaki yetu, ila kwenye pesa hayuko. Shule kubwa ikikosa pesa ya watoto watano haitikisiki, sisi watano ni robo ya darasa! Ndiyo maana sayansi ya pamoja twafundisha bila maabara, na mimi wa Kiswahili na dini nimepewa Pre-Technical, lile somo la ufundi, juu, kwa sababu masomo ni tisa na walimu twahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Na bahari nayo. Mtihani ulikuja mwisho wa Oktoba, kusi imeshatulia, matlai, maji yametulia na vyombo vinatoka. Wavulana wangu watatu waliamkia pwezani kabla ya kuja. Mmoja alinijia vidole vimechanika na matumbawe, hashiki kalamu vizuri, nikamfunga kitambaa tukaingia. Mtoto huyo ukimuuliza bamvua na maji mafu anakueleza mwezi uko wapi na maji yatajaa saa ngapi bila kuangalia popote, lakini karatasi ya sayansi yataka aeleze kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye anaisikia kwangu na kwa redio tu. Matokeo yamemuandika yuko chini ya matarajio. Nilikaa na ile karatasi mkononi nikashindwa kumwambia kitu.

Sasa usidhani nataka tuhurumiwe. Yapo mazuri na ndiyo nataka wazazi wayaone. Yule msichana niliyekwambia wa bibi yake muuza maandazi amepata EE ya hesabu, yaani amezidi matarajio, amepangiwa njia ya STEM, ile ya sayansi na hesabu, gredi ya 10, ingawa karo ya bweni ni habari nyingine, twahangaikia basari. Na hawa wa gredi ya 9 ndio walioanzisha JSS 2023, ina maana wana KPSEA, ule mtihani wa gredi ya 6, ya 2022. Kama nikichukua kila mtoto alipokuwa gredi ya 6 nikamuweka kando ya alipofika gredi ya 9, nina hakika picha itageuka kabisa, kwa sababu wengi waliingia hata kusoma aya moja ni taabu. Hiyo ndiyo kazi ya shule, mtoto ametoka wapi amefika wapi, si nani alichagua watoto wazuri mlangoni. Yule bwana anaruka hapo kila mara nikimwambia.

Ndio hapo nakutaka wewe. KPSEA ilikuwa na viwango vinne, KJSEA imevigawa mara mbili, EE1 na EE2 (kuzidi matarajio), ME1 na ME2 (kufikia matarajio), mpaka BE2 (chini ya matarajio). Naona niviunganishe virudi vinne, nilinganishe Hesabu, Kiingereza, Kiswahili na Sayansi tu maana hizo ziko pande zote mbili. Ni sawa au nitajitia kitanzi? Na wale waliohama katikati niwatoe ama niwaonyeshe kando? Ile laptopu yako bado yafanya kazi, waweza kunichorea chati ambayo mzazi asiyesoma ataielewa akiitazama tu? Huko kwenu mlipitia mambo haya ya kuunganishwa shule, ama nyinyi mko wengi? Na dada yako wa ofisi ya usajili bado yuko Kwale, naweza kumpelekea wale watoto wa vyeti?

Nikikutumia picha za rejista leo usiku, majina nimeyafuta, utanirudishia kabla ya Ijumaa?

Shoga wako wa Msambweni