Hakimu hakugoma, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Sijawahi kukuandikia. Nilinyamaza mlipoandika kwamba polisi wamemhukumu mtu, nikanyamaza mlipomwita shahidi mtuhumiwa. Lakini ile habari ya kesi ya mauaji kutoka hapa kwetu Tabora, yenye kichwa kwamba hakimu amegoma kumsikiliza mshtakiwa, imenishinda.

Hakimu hakugoma. Kesi ya mauaji ikifikishwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mshtakiwa husomewa shtaka na kuambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza. Mwenye mamlaka ni Mahakama Kuu, au hakimu mkazi aliyeongezewa mamlaka hayo kisheria. Huyu wa chini kazi yake ni kuitaja kesi tarehe kwa tarehe, kuwauliza waendesha mashtaka upelelezi umefikia wapi, na ukikamilika kuhakikisha maelezo ya mashahidi yamesomwa na jalada limekwenda juu. Na ile dhamana, ambayo mwandishi wenu kaiandika kana kwamba hakimu aliamka vibaya siku hiyo, haimo mikononi mwake hata kidogo: kwa sheria yetu mauaji hayana dhamana. Sasa matokeo yake ni nini? Watu wamesoma kichwa cha habari wakiwa wamesimama pale sokoni, hawakununua hata gazeti, wakaanza kusema hakimu kapewa kitu. Kapewa na nani, ili afanye nini, wakati sheria haikumwachia hata nafasi ya kuuliza "kweli si kweli"? Maneno hayo nani atayafuta? Ninyi mtaweka masahihisho ya mistari miwili chini ya matangazo ya viwanja vilivyopimwa.

Ninavyoona mimi, mwandishi wenu hakai mahakamani. Anasimama nje, anapiga picha pingu, anauliza imeahirishwa hadi lini, basi. Angeingia angejifunza mengi, na kuingia ni bure. Ukifika asubuhi mapema unaangalia orodha ya mashauri kwenye ubao, unajua kesi gani iko kwa hakimu gani. Unazima simu, unavua kofia, karani akiita "koti!", yaani hakimu anaingia, unasimama, unakaa kimya. Huruhusiwi kupiga picha wala kurekodi bila kibali. Kesi za watoto husikilizwa faragha, na hilo ni sawa kabisa, na mambo mengine huishia ofisini kwa hakimu. Yaliyobaki ni ya hadhara. Mwaka 1958, mwaka ule ule ambao chama cha TANU walikutana hapa Tabora wakakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, mkoloni alimshtaki Mwalimu Nyerere kule Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya. Akatozwa faini ya shilingi 3,000. Hata mkoloni, na ubaya wake wote, kesi ile aliiendesha hadharani.

Lakini nisikulaumu wewe peke yako. Mjukuu wangu anasoma Uraia kidato cha tatu, akaambiwa na mwalimu aeleze kazi za mahakama. Nikasema twende akaone mwenyewe, si kukariri. Tulipofika kwenye mahakama moja ya mkoa huu, mlinzi wa getini akaniuliza, "Mzee, kesi yako iko kwa nani?" Nikamwambia sina kesi. "Basi wewe ni mdhamini?" Hapana. "Shahidi?" Hapana, baba, tumekuja kusikiliza. Akamtazama kijana, akanitazama mimi, akasema asiye na kesi hana la kufanya humo. Nilimweleza kwamba mahakama ni ya wananchi. Akanijibu kwamba wananchi wenye kesi ndio wale wamekaa kwenye benchi.

Tukiwa tumesimama chini ya mwembe, akaja jamaa na bahasha yake ya kaki. "Mzee, toa elfu tano nikuandikie kiapo uingie." Kiapo cha nini? "Hicho tutakijua ndani." Mhariri, hawa vishoka, mawakili wa bandia, ndio wa kuwaandika! Wamejaa nje ya mahakama zetu, wanawaandikia wajane maombi ya mirathi yasiyosomeka, wanampotezea mtu siku zake za rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya sheria inakupa siku 30. Kishoka anakula hela, siku zinakwisha, mama wa watu anaambiwa umechelewa. Na fomu nyingine anayokuuzia pale nje hutolewa bure dirishani kwa karani. Siku ya Sheria ikifika kila Februari wanatoweka wote, sijui huwa wanakwenda likizo.

Pendekezo langu ni hili. Kila mahakama iweke benchi moja nyuma kabisa, lipakwe rangi ya kijani, liandikwe kwa herufi kubwa WASIO NA KESI. Mlinzi wa getini apewe picha ya benchi hilo, alikariri. Mtu wa kwanza kulikalia awe mwandishi wenu, kila Jumatatu kwa miezi mitatu, bila kamera, na ale chakula cha mchana baada ya hakimu kuondoka, si kabla. Rangi nitanunua mimi.

Mzee wa Isevya,
Tabora