Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya yetu

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: CHEREHANI ULIZOZIZINDUA IJUMAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nilikupa pale shuleni, na ahsante kwa soda.

Cherehani tatu ulizozikagua kwenye karakana ya mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, huku unapigwa picha ukisema vifaa vimeshafika, ni zangu. Shule iliziazima kwangu Alhamisi jioni. Nilizitoa kwa moyo mmoja kwa sababu binti yangu anasoma hapo fani ya ushonaji. Hema la uzinduzi halijashushwa, zilikuwa tayari juu ya guta zinarudi kibandani kwangu. Moja imerudi mkanda umekatika, nami nina sare za kamati ya harusi za kukabidhi Jumamosi. Mkanda huo nimlipishe nani?

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, na sera yenyewe ya elimu Rais aliizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025. Sina ugomvi nayo, nimeipenda. Mama yangu alisoma sekondari zamani zile za michepuo, kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Yeye alikuwa sayansi kimu, yaani maarifa ya nyumbani, na cherehani aliyojifunzia ilikuwa mali ya shule. Ya shule, ndugu yangu, si ya mzazi.

Binti yangu ni wa kundi lile la 2024. Mwaka 2027 atafanya mtihani wa Kidato cha Nne, na fani haipimwi kwa kalamu peke yake. Mpaka leo amechora shati ubaoni, kola amechora, mfuko amechora. Kukata kitambaa amejifunzia kwangu usiku, nikishamaliza kazi za wateja.

Kwenye kikao cha wazazi ulituahidi mwalimu wa fani muhula unaofuata. Muhula ukaja, ukasema bajeti. Labda kweli bajeti, labda imeishia kwenye mahema na mabango, sisi wa chini tutajuaje? Nilijitolea kufundisha Jumamosi bure, ofisini kwako nikajibiwa sina cheti. Sawa. Kumbe cherehani zangu hazidaiwi cheti! Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima mafundi wa mtaani na kuwarasimishia ujuzi, jambo ambalo nimelisikia kwa fundi mwenzangu wa uchomeleaji, si kwa ofisi yako.

Nilitaka kuomba vitambaa, umeme wa karakana, na ule mkanda. Yaache hayo, mkanda nitanunua mwenyewe. Naomba mwalimu wa ushonaji. Kama tatizo ni cherehani, moja nitaiacha shuleni mwaka mzima, bila hema na bila mgeni rasmi. Lakini mwalimu sina wa kukuazima. Mlete kabla muhula huu haujafungwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, fundi cherehani